Kumlea Mtoto Hata Amche Mungu



Leo twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo kila mzazi hulitaja, walakini si wengi wakaao chini wakalifikiri: namna ya kumlea mtoto hata akawa mtu amchaye Mungu. Twanena na wazazi wa Bagamoyo, na wa Kaole na Mlingotini, na wa Mbweni na Kunduchi, hata na wa Saadani upande wa kaskazini. Tena twanena na wanafunzi, maana habari hii ni yao. Hatukuja kumhubiria mtu dini yake. Msikiti unaye imamu wake, na kanisa linaye padre wake. Sisi tumekuja kunena habari ya nyumba, na baraza, na soko.

Mgeni apitaye pwani hii hakosi kuona alama za dini. Huko Kaole yako magofu ya msikiti ambao wataalamu wasema ulijengwa katika karne ya 13, na kando yake yako makaburi ya watu wa kale. Kunduchi nako yako magofu ya msikiti, na makaburi yenye nguzo yaliyopambwa kwa sahani zilizotoka nchi ya China. Bagamoyo mjini twaona misikiti, tena twaona misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Mnara wa kanisa lao la kwanza ungali umesimama. Ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mwezi wa Februari mwaka 1874, kabla haujavushwa kwenda Unguja.

Mgeni huyo, akiisha kuyaona hayo yote, atadhani kwamba watu wa hapa hawana haja ya kuambiwa lolote juu ya kumcha Mungu. Lakini na atazame vema. Waliojenga msikiti wa Kaole walichimba mawe ya matumbawe, wakachoma chokaa, wakajenga kwa jasho lao kwa ajili ya Mungu. Leo wageni huja kupiga picha penye kibla chao. Jengo laweza kudumu miaka 700, na sala ikawa imeondoka zamani. Jiwe halimfundishi mtoto. Mtoto hufundishwa na mtu aliye hai, na kazi hiyo haina budi kuanzwa upya kila mtoto azaliwapo.

Basi na tuangalie wazee wetu walifanyaje. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika habari za desturi za Waswahili, na kitabu chake kilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Humo ameeleza maisha ya mtoto tangu kuzaliwa, na jinsi apelekwavyo chuoni kwa mwalimu. Kila mtu wa pwani ajua chuo kilivyo: watoto wameketi juu ya jamvi, ubao mikononi, sauti zao zikipanda pamoja, huanza kwa alifu, wakaendelea mpaka wakahitimu. Lakini chuo hakikuwa peke yake. Mtoto alipotoka chuoni alirudi katika mtaa ambao kila mkubwa alikuwa mzazi wake. Alipompita mzee asimwamkie, habari zilifika kwa mama yake kabla yeye hajafika. Alichokisoma kwa mwalimu alikikuta tena barazani na jikoni. Chuo kilikuwa mkono mmoja, na mtaa ulikuwa mkono wa pili.

Kisha ikaja shule ya namna nyingine. Mwaka 1892 serikali ya Wajerumani ilifungua shule Tanga, nayo ilikuwa shule isiyofundisha dini. Shule za namna hiyo zikafuata katika miji mingine ya pwani. Bagamoyo, tajiri mmoja wa Kihindi, Sewa Haji, alitoa nyumba ya ghorofa iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Wazazi wengi wa pwani walisita. Walisema, "Je, tumpeleke mtoto mahali pasipotajwa Mungu?" Wamisionari nao, kwa upande wao, hawakupendezwa na shule hizo. Walakini siku zilivyopita watu wa pwani walipata njia. Mtoto alikwenda shule akajifunza hesabu na kuandika, na katika saa nyingine alikwenda chuo. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo: asubuhi mtoto amevaa sare za shule, na alasiri amevaa kanzu au mtandio, juzuu kwapani. Mwenzake Mkristo naye huenda mafundisho ya kipaimara.

Baada ya uhuru, mwaka 1969, serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni, zikawa shule za watoto wote. Na Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yasema kwamba kila mtu yu huru katika dini yake, na kwamba kuziendesha jumuiya za dini si kazi ya dola. Ndiyo maana husemwa kwamba serikali haina dini, bali watu wake wanazo dini zao. Shuleni hutengwa kipindi cha dini, na walimu wa kila dini huja kufundisha watoto wao. Lakini kipindi hicho ni saa chache tu katika juma zima.

Wako wasikitikao kwa sababu hiyo, na wasema kwamba nchi imemwacha Mungu. Sisi hatuoni hivyo. Katika darasa moja la Bagamoyo, juu ya dawati moja, huketi mtoto wa Kizaramo aliye Mwislamu, na mtoto aliye Mkristo ambaye babu yake alilelewa misheni. Shule ikichukua dini ya mmoja, itamdhulumu mwenziwe. Nchi nyingine nazo zililipitia jambo hili. Ufaransa, ambako walitoka mapadre wa kwanza wa Bagamoyo, ilitunga sheria mwaka 1882 kuondoa mafundisho ya dini katika shule za serikali. Lakini sheria hiyo hiyo iliamuru kwamba siku moja katika juma, mbali na Jumapili, shule zifungwe, ili wazazi wapendao wawafundishe watoto wao dini nje ya shule. Angalieni maana yake. Sheria haikumwambia mzazi, "Kazi hii imekwisha." Ilimwambia, "Kazi hii ni yako, na siku yake ndiyo hii." Na Katiba yetu, kwa namna yake, yatuambia vivyo hivyo.

Basi swali la leo si kwamba shule ina dini au haina. Swali ni hili: Je, nyumba inayo?

Wazazi wengi siku hizi huona kwamba wamemaliza wajibu wao wakiisha kumlipa mwalimu wa madrasa ada yake, au wakiisha kumwandikisha mtoto kwa katekista. Hununua uchaji kama wanunuavyo daftari. Lakini kumcha Mungu hakununuliki. Mwalimu aweza kumfundisha mtoto maneno ya sala, na nyakati zake, na jinsi ya kutawadha au kupiga magoti. Huo ni msingi mwema, wala hatuudharau. Lakini uchaji wenyewe, ule moyo wa kujua kwamba yuko Mmoja aonaye hata gizani, mtoto huupokea kwa kuuona kwa wakubwa wake, hasa katika mambo madogo ya kila siku.

Tutoe mfano. Katika juzuu ya Amma, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema, imo sura iitwayo Al-Mutaffifin, nayo huwaonya watu wapunjao wenzao katika vipimo. Katika Biblia nacho kitabu cha Mithali chaikemea mizani ya hila. Mtoto huihifadhi sura ile kwa mwalimu, akasifiwa, akarudi nyumbani. Huko amkuta mzazi wake akiuza mchele kwa kopo lililobonyezwa kitako, au akipanga mafungu ya samaki, wazuri juu na waliolala chini. Mtoto hasemi neno. Lakini sasa anayo masomo mawili: moja amelisoma kwa ulimi, la pili amelisoma kwa macho. Ni lipi litakalokaa moyoni? Wazee walikwisha kujibu zamani waliposema: mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto abebwaye mgongoni hutazama kule aendako mama yake.

Mfano wa pili ni Jina la Mungu. Watu wa pwani twalitaja mchana kutwa. Twaapa kwa jina hilo sokoni, "Wallahi nimenunua kwa bei hiyo hiyo," na bei siyo. Mwenye deni huambiwa, "Kesho, inshallah," na aliyenena ajua moyoni kwamba kesho hatalipa. Maneno hayo ni mazuri kupita kiasi. Aliyesema inshallah kwa kweli amekiri kwamba kesho si mali yake. Lakini mtoto anayeyasikia yakitumiwa hivyo kila siku atajifunza kwamba jina la Mungu ni kifuniko cha uwongo. Kisha twashangaa, akiisha kuwa kijana, kwamba hashtuki alisikiapo! Mzazi apendaye kumfundisha mwanawe heshima ya Mungu, na aanze hapa: asiape bure, na akisema inshallah, afanye juu chini atimize.

Mfano wa tatu hutoka baharini. Mvuvi wa ngalawa huitweka tanga asubuhi na mapema, akamtaja Mola wake, kwa kuwa ajua upepo si wake. Huo ni uchaji wa kweli. Lakini kando ya pwani hii, tangu Dar es Salaam hata Bagamoyo na kupita, wamekuwako watu wavuao kwa baruti. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 yaukataza uvuvi huo, na sababu yake ni wazi: mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, ukavunja matumbawe ambayo hukua polepole kwa miaka mingi. Mtu aweza kuanza safari kwa bismillahi, au kwa ishara ya msalaba, kisha akaitupa chupa ya baruti katika viumbe vya Yule aliyemtaja sasa hivi. Kijana aliyechukuliwa katika chombo kile amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba Mungu ni wa pwani tu, na huku kilindini hayuko. Lakini aliyefundishwa na baba yake kumrudisha majini samaki mchanga, hali hakuna bwana samaki wala askari amwonaye, amefundishwa jambo kubwa bila hotuba.

Sasa tuseme juu ya hofu, maana wako wachanganyao hofu na kicho. Zamani fimbo ilitumika sana vyuoni na katika shule, na hata leo wazazi wengi humtumia Mungu kama fimbo. Mtoto akivunja kikombe huambiwa, "Mungu atakuchoma moto." Akichelewa dukani, huambiwa vile vile. Mzazi asemaye hivyo amemfanya Mola wa ulimwengu kuwa askari wa nyumba yake. Matokeo yake huwa mawili. Ama mtoto hujifunza kuficha, maana mwenye hofu huficha. Ama akiisha kukua akaona vikombe vingi vyavunjika wala moto haushuki, hudhani kwamba yote aliyoambiwa juu ya Mungu yalikuwa vitisho vya watu wazima, akayatupa yote pamoja, mabovu na mazima.

Kicho ni kitu kingine. Mtoto amwogopaye baba yake hukimbia asikiapo hatua zake. Mtoto amchaye baba yake hupunguza sauti kwa heshima, kisha akamkaribia. Vivyo hivyo mtoto akiuliza, "Mungu yuko wapi?" au, "Kwa nini ndugu yangu mchanga alikufa?" asifokewe kwamba amekufuru. Aambiwe yale mzazi ayajuayo, na pale elimu ya mzazi ikomapo, aambiwe kwa utulivu, "Hili hatulijui sisi, Mungu ndiye ajuaye." Jawabu hilo halimshushi mzazi. Mtoto akiona kwamba hata baba, aliye mkubwa wa nyumba, yuko mahali anapoinamisha kichwa, hapo ndipo naye ajifunzapo kuinamisha chake.

Na kuinamisha kichwa mbele ya Mungu hakumfanyi mtu kuwa mnyonge mbele ya wanadamu. Bagamoyo yenyewe ni shahidi. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo bara, na katika misafara hiyo waliletwa watu wengi waliofanywa watumwa, na miongoni mwao watoto. Katika mmoja wa watoto hao alikuwako Yahya bin Abdallah, aliyeletwa kutoka Manyema. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya bwana wa Kiarabu. Akasoma, akawa mwanachuoni, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria. Watu wa bara na wa pwani walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya, wakaja kwa wingi katika maulidi yake. Alifariki mwaka 1931. Na huko misheni, baada ya mwaka 1868, mapadre waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafundisha dini, na kusoma, na kilimo, na kazi za mikono. Wengine wao baadaye walikwenda pamoja na mapadre kuanzisha vijiji vya Wakristo bara.

Tafakarini jambo hili. Watoto hawa, wa msikitini na wa kanisani, walikuwa wametiwa bei kama mali. Utumwa haukuondolewa kwa sheria katika nchi nzima ya Tanganyika hata mwaka 1922. Walakini kabla ya sheria hiyo walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba yuko Bwana mmoja aliye juu ya mabwana wote, na kwamba mbele yake mwenye kununua na mwenye kununuliwa husimama safu moja. Aliyelishika hilo hakuweza tena kujiona kitu cha sokoni. Ndiyo faida ya uchaji ambayo wazazi wengi huisahau: mtoto amchaye Mungu kweli kweli hatamsujudia mtu, wala fedha, wala kundi la wenziwe.

Na siku hizi kundi hilo ni kubwa kuliko zamani. Mtoto wa Bagamoyo aliye na simu mkononi huona, kabla ya kulala, mambo ambayo babu yake hakuyaona katika umri wake wote. Hatusemi kwamba yote ni mabaya. Yako ya elimu, na yako ya mchezo usio na dhara. Lakini simu hainyamazi, nayo kicho hukua mahali penye kunyamaza. Kwa hiyo twawashauri wazazi: kila nyumba na iwe na saa moja ya utulivu, hata kama ni robo ya saa. Baada ya magharibi, simu na redio zizimwe, na hii yetu pia. Watu wa nyumba waketi pamoja, wasali kama dini yao iagizavyo, kisha waulizane habari za mchana. Chakula kisiliwe kabla ya kushukuru. Mtoto atumwe kupeleka sahani kwa jirani mgonjwa, na aambiwe kwa nini. Mzazi akimkosea mtoto, amwambie waziwazi, "Nimekosa," ili mtoto ajue kwamba hata wakubwa wana wa kumjibu.

Tena, mtoto asifundishwe kumheshimu Mungu kwa kuidharau dini ya jirani yake. Adhana ikisikika, mtoto Mkristo apunguze kelele zake. Kengele ya misheni ikilia, mtoto Mwislamu asiicheke. Asiyeweza kustahi sala ya mwenziwe hajajua bado uzito wa sala yake mwenyewe.

Nanyi wanafunzi, tuna neno moja kwenu. Huenda wako miongoni mwenu walioyaona katika nyumba zao hayo tuliyoyasema: kopo lililobonyezwa, na kiapo cha uwongo. Msiwadharau wazazi wenu kwa sababu hiyo, maana wamechukua mizigo mingi msiyoijua. Lakini msiyafanye hayo kuwa njia yenu. Mwaweza kuanza leo. Mkitumwa dukani, rudisheni chenji yote. Mkipewa mtihani, andikeni mnayoyajua tu, hata mwalimu akiwa ametoka nje. Mkiahidi, timizeni. Hapo ndipo juzuu mliyoihifadhi, au katekisimu mliyoisoma, itakapotoka katika ulimi na kuingia katika mkono.

Shule itawapa watoto wetu hesabu, nayo yafaa sana. Madrasa na kanisa vitawapa maneno ya sala. Lakini uzito wa maneno hayo mtoto huupima nyumbani, kwa mizani ya maisha yetu, nayo mizani hiyo hutazamwa kila siku na macho madogo yasiyokosa kitu.

Wasikilizaji wetu, kwa herini, na Mungu awalinde ninyi na watoto wenu.